Geji Inaposhtakiwa Kibati

Gari linalotoka Goma kuelekea Rutshuru huanza kupanda kabla halijaliacha jiji vizuri. Majengo, Buhene, Kanyaruchinya, kisha Kibati: ni kilomita kumi na kitu tu. Lakini ufuko wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na ukifika kituo cha walinzi wa Hifadhi ya Virunga, pale walipokuwa wakianzia safari wapandaji wa mlima Nyiragongo, unakaribia mita 2,000. Lori limebeba saruji au kreti za bia, Hiace imejaza watu na mizigo juu ya paa. Gia ni ya pili, injini inazunguka kwa nguvu, na mwendo ni mdogo mno kuleta upepo wa maana kwenye rejeta. Hapo ndipo dereva anakumbuka kuitazama geji ya joto, na hapo ndipo mabishano huanza.

Mabishano hayo yana sura mbili. Ya kwanza, mshale umepanda kuelekea alama nyekundu lakini hakuna mvuke wala harufu, na kijana wa garaji anainua kichwa kutoka chini ya boneti na kutoa hukumu: "Papa, motere haiko na shida, ni kadrani inasema bongo," yaani geji inadanganya. Ya pili ni kinyume chake. Mshale umetulia katikati kama kawaida, huku maji yanatoka puani mwa rejeta, na dereva anaapa kwamba gari halijachemsha kwa sababu geji haijasogea. Katika kesi zote mbili geji ndiyo mshtakiwa. Katika ya kwanza inatuhumiwa kupiga kelele bure, katika ya pili kunyamaza wakati wa moto.

Kwa maoni yangu kesi hizi hufunguliwa vibaya tangu mwanzo. Geji haipimi afya ya injini. Inapima joto la kitu chochote kinachogusa ncha ya sensa yake, basi. Kama kinachoigusa ni maji, utapata joto la maji ya mahali hapo. Kama ni mvuke, utapata la mvuke, na kama ni hewa tupu, utapata la hewa. Kati ya ncha hiyo na jicho la dereva kuna waya, viungio, kutu, fyuzi na uamuzi wa kiwanda kuhusu kile ambacho dereva aonyeshwe. Anayeuliza "geji ni nzima au mbovu?" anaruka maswali matatu yanayotangulia: sensa inagusa nini, umeme wake unapita vipi, na kiwanda kimeamua kuonyesha nini.

Tuanze na umeme, maana ndio rahisi. Sensa ya joto ina kipande cha oksidi za metali ambacho upinzani wake hupungua kadiri joto linavyoongezeka. Katika Toyota za zamani, sensa ya geji ina waya mmoja tu. Maji yakiwa nyuzi 50 upinzani wake ni kama omu 200, na yakipita nyuzi 115 hushuka chini ya omu 30. Umeme hutoka kwenye fyuzi, hupita ndani ya geji, hushuka kwa waya huo hadi kwenye sensa, kisha kupitia mwili wa sensa huingia kwenye chuma cha injini na kurudi kwenye betri. Joto likipanda, upinzani unapungua, umeme unaongezeka, mshale unainuka. Ukiielewa njia hii, nusu ya uchunguzi umeshaumaliza ukiwa umekaa. Waya ukikatika, hakuna umeme unaopita, na mshale unalala upande wa baridi hata injini ikiwaka moto. Waya ukichubuka na kugusa chuma, umeme unapita bila kizuizi, na mshale unakimbilia mwisho wa nyekundu hata injini ikiwa imelala usiku kucha.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua swichi bila kuwasha. Mshale ukiruka hadi nyekundu wakati huo, hakuna haja ya kubishana: maji hayajapata hata nafasi ya kupata moto, na kosa liko kwenye waya, sensa au geji yenyewe. Itazame na geji ya mafuta iliyo jirani yake. Katika Land Cruiser za zamani geji hizo mbili hulishwa na kidhibiti volti kimoja kilichofichwa nyuma ya dashibodi, na kikiharibika zote mbili hudanganya kwa pamoja, zikipanda au kushuka sambamba. Fundi anayebadilisha sensa ya joto wakati geji ya mafuta nayo inaonyesha tangi limejaa siku ya nne mfululizo anauza vipuri, hatengenezi gari.

Kipimo cha pili ni kasi. Mfumo wa kupoza wa gari dogo una lita kadhaa za maji, na wa Land Cruiser unapita lita kumi. Maji mengi hivyo hayawezi kuruka nyuzi 30 kwa kufumba na kufumbua. Mshale unaopanda polepole katika mlima, dakika baada ya dakika, na kushuka polepole gari linapofika tambarare, unasema kweli hata kama ukweli huo hatuupendi. Mshale unaorukaruka kila gari linapoingia shimoni ni wa umeme. Ule unaopanda kidogo ukiwasha taa na kushuka ukizizima ni wa ethi mbovu ya dashibodi. Na barabara hii ina mashimo ya kutosha kulegeza kiungio chochote. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 lava ya Nyiragongo ilishuka hadi vitongoji vya kaskazini mwa Goma na kuikata barabara hii ya taifa namba 2. Magari yaliporudi kupita, yalipita juu ya jiwe jipya jeusi lililochongoka. Gari lililotikiswa hivyo kwa miezi haliwezi kuwa na viungio vya umeme vilivyokaa sawa kama vya kiwandani.

Kuna kosa moja la gereji linalostahili kutajwa peke yake kwa sababu linafanywa kwa nia njema. Sensa inavuja maji kidogo kwenye nyuzi zake za skrubu. Fundi anaifungua, anaizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi bomba mara tatu nne, anaikaza. Haivuji tena. Lakini sensa ya waya mmoja hurudisha umeme kupitia nyuzi hizo hizo zinazogusana na chuma cha injini, na tepu nyeupe haipitishi umeme. Sasa kuna upinzani wa ziada ambao geji inausoma kama ubaridi. Mshale ambao jana ulikaa katikati leo unakaa chini ya katikati, mwenye gari anafurahi kwamba gari lake linapoa vizuri kuliko zamani, na fundi analipwa kwa kazi hiyo.

Sasa tuje kwenye kiwanda. Watu wengi hudhani mshale hutembea sawasawa na joto, kama zebaki ndani ya kipimajoto. Kwa magari ya zamani ilikuwa karibu hivyo. Lakini madereva walikuwa wakiingia kwenye gereji za kampuni kulalamika kila mshale uliposogea kidogo kilimani au kwenye foleni, na kuanzia miaka ya 1990 watengenezaji wengi wakaona dawa ni kuutuliza. Katika magari mengi ya siku hizi mshale hufika katikati maji yakiwa kwenye nyuzi 75 au 80 hivi, kisha unakwama hapo makusudi hadi joto lipite nyuzi 100 na ushee. Baada ya hapo hupanda ghafla. Kwa hiyo "geji haikusogea" maana yake ni kwamba joto lilikuwa mahali fulani ndani ya upana wa nyuzi 25 au zaidi. Wengine wamekwenda mbali zaidi na kuondoa mshale kabisa. Toyota Vitz na Honda Fit nyingi zina taa ya bluu injini ikiwa baridi na taa nyekundu ikiwa imeshachemsha, na katikati ya hizo mbili hakuna habari yoyote. Sioni sababu ya kuusifu uamuzi huo. Ulifanywa kwa ajili ya dereva wa Tokyo ambaye hatainua boneti maisha yake yote, na gari hilo hilo, likiwa na miaka kumi na tano, ndilo linaloshushwa melini Dar es Salaam au Mombasa na kuishia kupanda Kibati likiwa na watu saba.

Na hapa ndipo Kibati inapoingia kwenye hesabu yenyewe, maana mwinuko hubadilisha maana ya kila namba kwenye geji. Maji huchemka kwa nyuzi 100 pale pwani tu, Mombasa au Bagamoyo. Kadiri unavyopanda, hewa hupungua uzito na maji huchemka mapema: Goma ni kama nyuzi 95, na kwenye mita 2,000 ni nyuzi 93 na ushee. Sasa weka tarakimu hizo kando ya geji iliyotulizwa kiwandani. Injini yenye maji matupu na mfuniko wa rejeta usiobana presha itaanza kuchemka Kibati kwenye nyuzi 93. Katika geji inayokwama kati ya nyuzi 80 na 100, hapo ni katikati kabisa. Mvuke unatoka, mshale umetulia, na wote wawili wanasema kweli! Geji haijaharibika. Imetengenezwa kwa ajili ya mfumo wenye presha, na presha haipo.

Mfuniko wa rejeta ni kipande kidogo cha bati chenye springi na mpira, na juu yake pamegongwa namba: 0.9 kwenye Toyota nyingi, 1.1 kwenye nyingine. Hiyo 0.9 ni kilo kwa kila sentimita ya mraba, yaani mfuniko huo unaongeza presha inayokaribia ile ya hewa yenyewe. Ukiwa mzima, maji yale yale, mlima ule ule, yatavumilia hadi karibu nyuzi 115 kabla hayajachemka. Ukilegea springi au kupasuka mpira, unarudi kwenye 93. Tofauti ni zaidi ya nyuzi 20, na imo ndani ya kipande cha bati ambacho wengi hukinunua kwa kukijaribu kama kinaingia mdomoni mwa rejeta, bila kusoma namba. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji huongeza nyuzi nyingine saba au nane. Hivyo gari moja lenye kulanti na mfuniko mzima, na jingine lenye maji ya bidoni na mfuniko mchovu, yanaweza kuonyesha mshale mahali pamoja kwenye kona moja ya Kibati, moja likiwa salama na jingine likitapika.

Mwinuko huo huo unaharibu hata jaribio la sufuria, lile linalopendwa na mafundi kuliko yote. Themostati, ule mlango unaoachia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, au sensa inatolewa, inatumbukizwa kwenye maji ya moto jikoni, na fundi anangoja yachemke akijua kwamba kuchemka ni nyuzi 100. Kule juu si 100. Akipima sensa kwa multimita kwenye maji yanayotokota na kulinganisha na jedwali la nyuzi 100, sensa nzima itaonekana ina kasoro. Na themostati iliyogongwa 88 huanza kufunguka kwenye nyuzi hizo na kumaliza kufunguka karibu na 100. Katika sufuria ya Kibati, ambako maji hayawezi kupita 93 hata ukimaliza gunia zima la makaa, itafunguka nusu tu na kusimama. Themostati nzima inatupwa jalalani kwa kosa la mlima. Dawa ni kuweka kipimajoto ndani ya sufuria badala ya kuuamini mchemko, na kutazama nyuzi ambazo mlango wa themostati unaanza kuachia, si kama umefunguka wote.

Mara nyingi themostati haitupwi kwa sababu ya jaribio lolote. Inang'olewa tu. Toka Kampala hadi Bukavu utaambiwa themostati ni kifaa cha nchi za theluji, na kwamba Afrika haina kazi nayo. Katika Goma hoja hiyo ni dhaifu maradufu, kwa sababu Goma si mahali pa joto: asubuhi za Kibati watu wanavaa makoti. Injini isiyo na themostati huko haifiki joto lake la kazi ikiwa safarini bila mzigo. Mshale unakaa chini, kompyuta ya injini ya petroli inaendelea kumwaga mafuta ya ziada ikidhani gari ndiyo kwanza limeamka, na mwenye gari analeta malalamiko mawili, geji mbovu na ulaji wa mafuta, bila kujua ni ugonjwa mmoja. Kibaya zaidi, themostati za Toyota nyingi zina kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato injini ikipata moto. Ukiing'oa, sehemu ya maji inaendelea kuzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari linachemsha zaidi ya mwanzo. Hapo lawama inarudi kwa geji: jana ilikuwa chini mno, leo iko juu mno, kwa hiyo imekufa.

Maji yenyewe nayo ni habari ndefu kidogo. Ardhi ya Kibati ni lava yenye matundu. Mvua inanyesha nyingi na kuzama, chemchemi ni haba, na bidoni la njano la lita 20 lina thamani kuliko mgeni anavyodhani. Dereva hujaza rejeta kwa anachopata. Akichota ziwani, anachota maji yenye chumvichumvi nyingi za madini, ambazo zikipata moto huganda kama utando mweupe ndani ya mirija ya rejeta na juu ya ncha ya sensa. Utando kwenye sensa huifanya ichelewe kuhisi, na utando kwenye mirija huifanya injini ichemshe. Hivyo kadiri hatari inavyokua, ndivyo shahidi wake anavyozidi kuwa mzito wa kusema. Akikinga mvua, anakutana na moshi wa volkano. Gesi za Nyiragongo na Nyamulagira mara nyingi hupeperushwa kuelekea magharibi, upande wa Rusayo na Sake, na huko mvua hushuka na asidi inayokula mabati ya nyumba. Gari halikai upande mmoja. Ukifungua kiungio cha sensa cha gari linalozunguka huko ukakuta unga wa kijani kwenye pini, umepata sababu ya mshale kushuka taratibu mwaka mzima, maana kutu hiyo ni upinzani, na upinzani husomwa kama ubaridi.

Lakini kati ya yote, tukio linaloua injini nyingi ni lile ambalo mshale unashuka. Mpira umepasuka, maji yamemwagika barabarani, na sensa iliyokuwa ndani ya maji sasa inaning'inia kwenye hewa. Chuma cha injini kinaendelea kupata moto, hedi ya alumini inaanza kupinda, na mshale, baada ya kupanda kidogo, unarudi chini kwa utulivu. Dereva anapumua. Anaona mlima umekwisha na gari limepoa. Geji hapo ni nzima kabisa, inaripoti kwa uaminifu joto la hewa iliyo mbele yake. Ndiyo maana mshale ulioanguka ghafla baada ya kupanda unapaswa kusomwa kama taarifa mbaya kuliko mshale uliobaki juu. Ishara nyingine ni hita: ukiwasha hita ya ndani na ikatoa hewa baridi wakati injini ni ya moto, maji hayazunguki, au hayapo.

Basi nani aamue kesi? Si mkono. Fundi hodari hushika mpira wa juu na wa chini na kujua mengi. Wa juu wa moto na wa chini baridi, baada ya injini kufanya kazi muda mrefu, ni themostati iliyofungwa au rejeta iliyoziba. Lakini mkono haujui tofauti ya nyuzi 90 na 105, zote zinaunguza. Inahitajika namba ya pili, itokayo nje ya njia ya sensa.

Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, kila aliyeingia Goma alizoea kuelekezewa kipimajoto cha paji la uso kwenye vizuizi. Vifaa hivyo vilibaki, na vingine vimeishia mikononi mwa mafundi. Havifai. Vimetengenezwa kwa joto la mwili wa binadamu, na vikielekezwa kwenye injini huandika tu kwamba ni juu mno. Kinachotakiwa ni cha viwandani, kinachofanana navyo kwa sura, chenye uwezo wa kupita nyuzi 300. Hata hicho kina hila zake. Ukikielekeza kwenye alumini inayong'aa kitasoma chini ya ukweli, kwa sababu chuma king'aacho hutoa mionzi kidogo. Elekeza kwenye mpira mweusi karibu na mdomo wa themostati, au bandika kipande cha tepu nyeusi kwenye chuma na usome hapo.

Skana inayounganishwa na simu ni shahidi mzuri zaidi pale inapokubaliwa. Inasoma joto ambalo kompyuta ya gari inaliona, kwa namba, bila kutulizwa na kiwanda. Ikiandika 104 na mshale uko katikati, umejua unachohitaji kujua. Msimbo P0118 unaelekeza kwenye waya wa sensa uliokatika, P0117 kwenye uliogusa chuma, na P0128 huelekeza kwenye themostati iliyobaki wazi au iliyong'olewa. Ila kuna mipaka. Magari mengi yaliyouzwa Japani kabla ya katikati ya miaka ya 2000 hayaelewani na skana hizo za bei rahisi. Mengine yana sensa mbili, ya kompyuta na ya geji, kwa hiyo moja inaweza kuwa nzima na nyingine mbovu. Na zile Land Cruiser nyeupe za mashirika zilizojaa Goma, zenye injini ya dizeli ya 1HZ ya lita 4.2, hazina kompyuta ya injini ya kuzungumza nayo. Kwazo unarudi kwenye taa ya majaribio.

Jaribio hilo ni la dakika tano, na linafaa kuonekana likifanywa vizuri angalau mara moja. Injini imezimwa. Fundi anachomoa waya wa sensa, mwenye gari anafungua swichi: mshale unapaswa kulala upande wa baridi. Kisha fundi anachukua balbu ndogo ya wati tatu na ushee, upande mmoja anaugusisha kwenye ncha ya waya, upande wa pili kwenye chuma safi cha injini. Balbu inawaka, na mshale unapaswa kupanda upande wa moto. Ikiwa imekuwa hivyo, geji, fyuzi na waya vyote ni vizima, na mtuhumiwa aliyebaki ni sensa au ethi yake. Balbu ikiwaka na mshale usisogee, geji ndiyo imekufa. Balbu isipowaka, ni waya, fyuzi, au geji iliyokatika ndani. Kazi ya balbu ni kupunguza umeme. Wanaogusisha waya moja kwa moja kwenye chuma hupata jibu lile lile, na siku nyingine huipata geji imeungua, kisha wanasema walijua tangu mwanzo kuwa ni mbovu.

Kinachoizuia hesabu hii yote isifanyike si ujinga. Mafundi wa Majengo wanaijua kazi. Kinachozuia ni barabara. Kati ya Goma na Kibumba, iliyo mbele ya Kibati, watu hawasimami ovyo. Mwaka 2008 kambi za wakimbizi zilijaa Kibati, 2013 paliwaka vita, na tarehe 22 Februari 2021, mbele kidogo ya hapo, balozi wa Italia Luca Attanasio, mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva wao Mustapha Milambo waliuawa baada ya msafara wao kuvamiwa. Dereva anayeona mshale unapanda katika barabara hiyo anapima hatari mbili, na hasira ya injini huonekana ndogo. "Geji inasema bongo" ni sentensi inayomruhusu kuendelea. Simlaumu. Lakini uamuzi huo ungekuwa na akili zaidi kama ungefanyika Goma kabla ya kuondoka, ambako geji ikishaaminika au ikishakataliwa kwa balbu na kipimajoto, dereva anajua mlimani amsikilize nani. Na kama ni lazima kuendelea mshale ukiwa juu, kuna vya kufanya bila kusimama: kuzima kiyoyozi, kufungua hita hadi mwisho na kuvumilia joto la ndani, kushusha gia ili pampu na feni vizunguke zaidi huku mguu ukipunguza mafuta.

Gharama nazo zinapanga ushahidi. Mshale ukiwa juu, ukiamini geji ni mbovu kumbe ni nzima, unapoteza gasketi ya hedi, pengine hedi yenyewe. Ukiamini ni nzima kumbe ni mbovu, unapoteza nusu saa kando ya barabara na heshima kidogo mbele ya abiria. Kwa hiyo mzigo wa kuthibitisha uwe juu ya anayedai geji inadanganya. Alete namba ya pili. Akishindwa, injini ichukuliwe kuwa ni mgonjwa.

Na kabla ya kununua sensa, achilia mbali geji, ningeanza na kile kipande cha bati. Injini ikiwa baridi, ufungue mfuniko, usome namba yake na uilinganishe na iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, ubonyeze springi, uukunje mpira kwa kidole uone kama umepasuka pembeni. Tazama pia mpira wa juu wa rejeta alfajiri kabla ya kuwasha. Ukiukuta umenywea na kubanana, valvu ndogo ya katikati ya mfuniko imeganda na hairudishi maji kutoka kwenye chupa ya akiba. Ukiukuta umevimba na mgumu baada ya gari kulala usiku mzima, usiulaumu mfuniko tena: kuna gesi ya silinda inayoingia kwenye maji, na gasketi ya hedi imeshaondoka.